Namna tulipunguza stresi ku kazi bila kuongeza hata franga moja

Minatumika mu biro moja ndogo ya transi hapa Lubumbashi, tuko batu 7, kazi yetu ni makaratasi ya makamio yenye inapita Kasumbalesa, ku mupaka na Zambia, na kama unajua Kasumbalesa unajua tayari namna telefone inaliaka. Kamio imekwama, shofa anapiga, mwenye muzigo anapiga, shefu naye anapiga, na ile yote ni saa 5 ya usiku weye ulishaka kulala. Miye njo ninapangaka kazi ya benzetu, na kwa muda murefu milikuwa minasema ni buvivu tu, batu banachelewa, banagonjwagonjwa, dekleran (mwenye kuandikaka karatasi ya muzigo ya duane) moja wa zamani kabisa anaandika uzito ya muzigo mubaya mara mbili mu juma moja. Haikukuwa buvivu.

Kwanza ujue kutofautisha. Kuchoka ya kawaida unalala siku ya Mungu inaisha. Ile ingine hailali. OMS, shirika ya afya ya dunia, iliiandika mu 2019 mu kitabu yake ya magonjwa (CIM-11) kwa jina ya bernauti, na haikuiita ugonjwa, ilisema inatoka ku stresi ya kazi yenye haikupangwa muzuri. Alama ni 3: nguvu inaisha kabisa, mutu anaanza kuchukia kazi yake ao kuiona sawa vile haimuhusu, na kazi yenye alikuwa anaiweza inaanza kumushinda. Ukiona zote tatu kwa mutu moja usimupigie mahubiri ya kujikaza, angalia namna ulipanga kazi yake.

Sasa kamata kaye. Juma moja muzima kila mutu aandike saa yenye alianza na saa yenye aliacha, na ahesabu ile ya telefone ya usiku, hapo njo batu banadanganyaka juu banaona kujibu mesaje si kazi. Ni kazi. Sheria ya kazi ya kwetu Kongo inasema saa 9 kwa siku na 45 kwa juma. Shiye tulihesabu tukakuta yule dekleran amepita 60. Na OMS na BIT (biro ya kazi ya dunia) walitoa hesabu mu 2021 kama mutu wa kutumika saa 55 na zaidi kwa juma anaongeza hatari ya kiharusi (AVC) kwa 35% na ya kufa na ugonjwa wa moyo kwa 17%, kupita mwenye anatumika 35 mpaka 40. Ile miliisoma mbele ya shefu kwa sauti, akanyamaza.

Kisha panga zamu ya usiku, na hii njo ilitusaidia kupita yote. Tuko na katelefone kamoja ka mabutoni, kifuniko kilipotea kwa hiyo kanafungwa na elastike. Saa 11 ya mangaribi kanatoka mukono moja kanaingia mukono ingine, anaandika jina yake mu kaye, na mashofa yote banajua paka ile namba. Bengine banazima sauti ya grupu ya WhatsApp. Mwenye alilala nako anaingia kazini saa 4 ya asubui, si saa 2. Na tuliandika ku ukuta mambo 3 tu yenye inaweza kuamusha mutu: aksida, muzigo kukamatwa, shofa kugonjwa. Ya kuuliza «karatasi ilifika wapi?» inangoja asubui. Wa nguvu kumuzoeza alikuwa shefu mwenyewe, alikuwa anatuma «???» mu grupu saa 5 ya usiku, juma mbili muzima hakuna mwenye alimujibu, akaacha.

Ya franga. Stresi kubwa ya hapa kwetu batu banaijua, ni ku mwisho wa mwezi. Kama mushahara utachelewa, sema tarehe 25, na useme siku gani itakuya, na kama iko nusu, toa nusu. Mutu anaweza kupanga na mwenye nyumba kama anajua tarehe, lakini kama hajui kitu anashinda anafikiri minerval (franga ya masomo) ya batoto mbele ya ordinatere, na hapo njo uzito ya muzigo inaandikwa mubaya.

Kukemea mutu, fanya mulango umefungwa, kosa moja, siku ile ile. Kula, toka ku meza ya kazi, hata kama ni bukari na bitoyo ya dakika 20, kaa kando na benzako. Na konje ipewe kweli, bila telefone, juu mwenye yuko konje na anajibu mesaje hayuko konje.

Kama hauko mukubwa, uko tu mutumishi, usiende kulalamika na mikono mitupu. Enda na kaye yako ya juma tatu, chagua asubui mbele ya makamio kuanza, useme: «Papa, minaomba dakika 5. Angalia, usiku hii 4 telefone ilinipigia mara 19, kesho yake nilikosea ile deklarasio. Tunaweza kugawanya zamu?» Miliona patro mwenye kukataa malalamiko anakubali kaye, juu kosa ku deklarasio ni amande na amande inatoka mu mufuko yake.

Lakini kama mutu halali tena usiku, anakunywa juu ya kusahau, ao anaanza kusema maisha haina faida, hapo zamu haitoshe. Usimungojee aombe. Mupeleke kwa munganga, apimwe na tansio, na hapa Lubumbashi kuko Centre Joseph Guislain ya Bafrère de la Charité benye banatunzaka mambo ya akili. Batu banaogopa ile jina juu banasema ni ya bawazimu. Yule dekleran wetu alikataa mara mbili, mara ya tatu tulienda naye shiye babili, tukangoja inje mpaka akatoka.