Kumpima mchezaji kabla ya Pro Day: tepu, saa na yadi 40

Mama alikuwa ameshika ncha ya tepu, mimi niko upande wa pili wa uwanja, mwanawe anapasha misuli pembeni. Walitoka Goma miaka mingi iliyopita, sasa wako Kentucky, na kijana anacheza beki wa pembeni katika timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani. Mama akapaza sauti: "Kocha, mutoto anaenda kutafuta kazi ya mupira. Na mupira iko wapi?"

Mpira ulikuwa ndani ya gari. Mazoezi ya kudaka na kurusha yapo, lakini namba zinazozunguka kwenye ofisi za timu karibu zote hupatikana bila mpira: kijana anakimbia, anaruka, anazunguka koni, anasukuma chuma, na watu wenye saa mkononi wanaandika. Wachezaji zaidi ya 300 hualikwa kila mwaka kwenye Kombaini, yaani siku za vipimo za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, huko Indianapolis, ambako imefanyika tangu 1987. Wengine wote wanasubiri Pro Day, siku ya mwezi Machi ambapo chuo hufungua uwanja wake kwa maskauti, wale wasaka vipaji wa timu. Aprili inakuja drafti, ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, raundi saba, na imekwisha.

Kazi yangu ni kuwaandaa vijana wa kundi la pili. Nilianza na mazoezi ya viungo ya wachezaji wa raga Nairobi, nikahamia huku. Ninachokiona kila msimu ni familia zinazofika Pro Day na namba ya uongo: kijana amepimwa nyumbani vibaya, anaamini ana kasi ambayo hana, halafu anashtuka mbele ya watu. Kwa hiyo hapa nafundisha kupima kwanza. Mwache apumzike siku mbili bila mazoezi mazito ya miguu, apashe misuli dakika 25 au zaidi, ndipo muanze.

Hatua ya 1: Usiuamini uwanja, pima mwenyewe

Yadi 40, umbali wa mbio zenyewe, ni mita 36.58. Yadi 10 ni mita 9.14, yadi 20 ni 18.29, yadi 5 ni 4.57. Viandike kwenye karatasi uvibandike kwenye chupa ya maji.

Chunguza tepu kabla ya kuivuta. Msimu wangu wa kwanza nilitumia tepu ndefu ya kitambaa niliyoikuta stoo. Ilikuwa imekatika mwanzoni, mtu akaifunga pete mpya, na namba zikawa zinaanzia sentimita 50. Mimi nikavuta hadi 36.58 kwa raha zangu. Uwanja ukapungua nusu mita, na mtu anayekimbia karibu mita 10 kwa sekunde anapewa zawadi ya sehemu 5 za mia za sekunde. Kijana wangu alikwenda Pro Day akijua ni mtu wa sekunde 4.53 kwa yadi 40. Wakamwandikia 4.58. Alinitazama tu, hakusema neno, na hadi leo sifuri ya tepu ndiyo kitu cha kwanza ninachokitafuta.

Weka alama kwa plasta nyeupe kwenye mwanzo, yadi 10, yadi 20 na yadi 40. Halafu weka koni moja mbele zaidi, kwenye yadi 45. Nitairudia koni hiyo.

Hatua ya 2: Mwili

Hapa bibi zetu wangeajiriwa mara moja. Kiganja hupimwa kwa shubiri, kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, vidole vikiwa vimetanuliwa kabisa juu ya meza. Upana wa mikono ni ile pima ya wavuvi: mikono imenyooshwa pande zote mbili, ncha hadi ncha. Urefu wa mkono mmoja huanzia kwenye mfupa ulio juu ya bega na kuishia kwenye ncha ya kidole cha kati.

Kimo kinaandikwa kwa namna ya ajabu kidogo. Ukiona 6021 kwenye karatasi ya skauti, maana yake ni futi 6, inchi 02 na sehemu 1 ya nane ya inchi. Mpime bila viatu, visigino ukutani, na usimzidishie. Watampima upya, na kimo kilichopungua inchi nzima kinawafanya watilie shaka kila kitu kingine mlichoandika.

Shubiri inawahusu zaidi makwotabeki, wale warusha mpira. Kenny Pickett alipimwa inchi 8 na nusu mwaka 2022, watu wakapiga kelele wiki nzima, na timu ya Pittsburgh Steelers ikamchukua raundi ya kwanza vilevile.

Hatua ya 3: Kuruka

Kuruka wima kuna sehemu mbili, na wizi wote uko kwenye ile ya kwanza. Mchezaji anasimama nyayo zikiwa chini kabisa, ananyoosha mkono juu, unaandika anapofika. Kisha anaruka bila kupiga hatua, na unatoa ile ya kwanza kwenye ya pili. Sasa, kijana mjanja analegeza bega wakati wa kunyoosha mkono, anaonekana mfupi, na mruko wake "unaongezeka" inchi mbili bila jasho. Maskauti wanaujua mchezo huo. Simama nyuma yake, sukuma kiwiko juu taratibu mpaka bega liguse sikio, ndipo uandike. Kama huna ile nguzo yenye vijiti vya plastiki vya kupangusa kwa mkono, paka vidole chaki na utumie ukuta.

Kuruka mbele ni rahisi kupima: vidole nyuma ya mstari, anaruka kwa miguu yote miwili, anatua na kutulia. Pima hadi kisigino kilichobaki nyuma. Akianguka kinyumenyume, mruko umekufa. Kwenye Kombaini, Byron Jones aliruka futi 12 na inchi 3 mwaka 2015, yaani kama mita 3.73. Jioni moja ichore kwenye sakafu ya sebuleni uone ni umbali gani. Kwangu ilivuka kochi.

Hatua ya 4: Yadi 40

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, na mbio hizi zinaamuliwa kabla ya mguu kuondoka.

Anapiga magoti nyuma ya mstari. Mguu wenye nguvu unakaa mbele, kiasi cha kiatu kimoja hadi kimoja na nusu kutoka kwenye mstari. Kidole cha mguu wa nyuma kiwe usawa wa kisigino cha mbele au nyuma kidogo. Mkono unaokwenda chini ni ule wa upande wa mguu wa nyuma. Mguu wa kushoto ukiwa mbele, mkono wa kulia uko chini, na wa kushoto umekunjwa kando ya nyonga. Anainua nyonga, uzito unahamia kwenye vidole vya mkono, bega linasogea hadi juu ya mstari. Akiwa sawasawa, anaona kama ataanguka. Anatulia hapo. Akijitikisa atarudishwa.

Kumbuka kwamba hakuna bastola. Saa inaanza mchezaji anapoanza kuondoka, na kwa kawaida jicho la mpimaji liko kwenye ule mkono wa chini. Kijana akiinua mkono kwanza, halafu miguu ikafuata, amekwisha kuilipa saa kabla hajaenda popote. Ninawaambia: sukuma ardhi, mkono utatoka wenyewe. Tunalirudia hili mara 20 bila kukimbia zaidi ya hatua tatu.

Hii ndiyo sababu pia usilinganishe mbio hizi na za riadha. Kwenye riadha saa inahesabu hata muda wa kusikia mlio. Usain Bolt, akiwa ameshastaafu, alikimbia yadi 40 kwenye sherehe za mashabiki wa Super Bowl, fainali ya NFL, kule Atlanta mwaka 2019, na saa ikaonyesha 4.22, sawa na rekodi ya Kombaini ya wakati huo, ya John Ross. Mwaka 2024 Xavier Worthy akaishusha hadi 4.21. Watu wakabishana sana kuhusu Bolt, lakini ilikuwa sherehe, si kipimo.

Yadi 10 za kwanza kichwa kiko chini, hatua zinasukuma nyuma, mwili unainuka polepole. Wengi wanasimama wima hatua ya tatu kwa sababu wanataka kuona mwisho uko wapi. Mwisho hauhami. Na ile koni ya yadi 45? Mwambie anakimbilia hiyo. Asipokuwa nayo ataanza kupunguza kwenye yadi 37, au ajirushe kifua mbele kama mwanariadha na kujichana msuli wa nyuma ya paja wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Nimeyaona yote mawili.

Sasa saa. Kwenye Kombaini mtu anaianzisha kwa mkono na mtambo wa mwanga unaisimamisha mwishoni. Kwenye Pro Day maskauti hujipanga kwenye mstari wa mwisho, kila mmoja na saa yake, na kila mmoja anaondoka na namba tofauti kidogo. Nyumbani tumia simu. Simama kwenye mwendelezo wa mstari wa mwisho, mita 10 nje ya njia, urekodi mkono wake ukiwa bado chini, kisha mfuate kwa kamera mpaka kifua kikate mstari mbele yako. Kwa kuwa umesimama usawa wa mstari, jicho la kamera halikudanganyi. Hesabu picha kuanzia mkono unapoondoka. Simu inayorekodi picha 60 kwa sekunde ikikupa picha 272, gawanya kwa 60: ni 4.53.

Namba ya video huwa kubwa kuliko ya saa ya mkono, kwa sababu kidole cha mtu huchelewa kuianzisha saa. Usiogope. Ukitaka kujua kama kijana anaboreka, linganisha video na video, kamwe usilinganishe video na saa ya mjomba.

Mbio mbili zinatosha, zikitenganishwa na dakika tano au zaidi za kupumzika. Ya tatu ni tamaa.

Hatua ya 5: Koni

Weka koni tatu kwa umbo la L, yadi 5 kutoka moja hadi nyingine. Tuziite A, B na C, B ikiwa kwenye kona. Anaanzia A, anakwenda B na kugusa mstari, anarudi A na kugusa mstari, kisha anakwenda tena B na kuizunguka kwa nje, anaelekea C, anaingia kwa ndani yake na kuizunguka, anarudi kwa nje ya B na kumalizia A. Yadi 30 zote. Sekunde 7 kwa beki wa pembeni ni namba ya kawaida. Jordan Thomas alitumia 6.28 mwaka 2018.

Makosa yako kwenye kona. Kijana wa Goma alikuwa anazunguka B kama daladala kwenye mzunguko, mbali na koni, bega likiwa juu. Nikamwomba mama asimame hatua moja nje ya koni. "Usimguse mama yako," nikamwambia. Mzunguko wa kwanza akamkwaruza bega, mama akacheka, akakataa kuondoka. Mzunguko wa nne alipita ndani yake akiwa ameinama, mkono karibu unagusa nyasi, na sehemu 2 za kumi za sekunde zilikuwa zimepotea mahali fulani kati ya mama na koni.

Kipimo kingine ni cha kwenda na kurudi: yadi 5 upande mmoja, yadi 10 upande wa pili, yadi 5 kurudi kati. Akienda kulia anagusa mstari kwa mkono wa kulia, akienda kushoto kwa wa kushoto. Akikosea mkono anaanza upya, na miguu tayari imechoka.

Hatua ya 6: Benchi

Analala chali na kusukuma pauni 225, yaani kilo 102, mara nyingi awezavyo. Viwiko vinyooke juu, chuma kiguse kifua. Kwa beki wa pembeni ninaifanya mwisho na sipotezi usingizi. Kwa wale mabonge wa mstari wa mbele ni habari nyingine. Stephen Paea aliinua mara 49 mwaka 2011.

Hatua ya 7: Andika pamoja na uzito

Namba bila uzito haijakamilika. Kwa wakimbiaji wa nyuma, wale wanaobeba mpira, kuna hesabu iliyoletwa na Football Outsiders, tovuti ya takwimu za mchezo huu: chukua uzito kwa pauni, zidisha kwa 200, gawanya kwa muda wa yadi 40 uliozidishwa kwa wenyewe hadi uwe mara nne. Mwenye pauni 220 aliyekimbia 4.50 anapata kama 107. Mwenye pauni 190 aliyekimbia 4.40 anapata kama 101. Yule "mzito" ameshinda. Kwa hiyo usimkondeshe kijana wiki ya mwisho ili aibe sehemu 3 za mia.

Wazazi wanapenda kunitajia Tom Brady, nyota mkubwa wa NFL, aliyekimbia 5.28 na kuchukuliwa wa 199 mwaka 2000. Brady alikuwa kwotabeki. Beki wa pembeni akikimbia 5.28, simu itakayolia siku ya drafti ni ya shangazi.

Karatasi yangu ina tarehe, aina ya nyasi, upepo, viatu, nani alishika saa, na mbio zote mbili, pamoja na ile mbaya. Siku ile tuliandika 4.56 na 4.54 za video. Kijana akaniomba niandike 4.4 "ili mama afurahi." Mama alikuwa anakunja tepu, akasikia. Akainyoosha tena, akaenda kusimama kwenye mstari wa mwanzo, akamwita mwanawe waje wapime uwanja upya.