Kushusha gari bila kula matairi: too, kemba na kupima kwa mshipi

Gari likishushwa sentimita 3 au 4, mwenye gari huona sura kwanza: nafasi kati ya tairi na madigadi imepungua, gari limekaa chini vizuri. Asichokiona ni kwamba matairi hayatazami tena mbele sawasawa. Miezi michache baadaye bega la ndani limekwisha na waya zinachungulia, wakati upande wa nje kashata (maua ya tairi) bado nzima. Kwa kuwa upande wa ndani hauonekani mpaka usukani ukatwe hadi mwisho, wengi hugundua tairi likishapasuka.

Lawama hupewa kemba, yaani tairi kulalia ndani kwa juu. Kemba ina mchango wake, lakini anayemaliza tairi haraka ni too: pua za matairi kuelekea ndani au nje. Tairi lililolala digrii moja na nusu bado linaviringika kwenda mbele. Tairi lililogeuka pua linakokotwa ubavu. Robo digrii tu ni zaidi ya mita 4 za kusuguliwa ubavu kwa kila kilomita moja. Mtu wa Tegeta, Dar es Salaam, anayekwenda Posta katikati ya jiji na kurudi, walau kilomita 40, kila siku analisugua tairi hilo kiubavu mita 170 hivi juu ya lami ya moto. Sasa weka na kemba juu yake: uzito mwingi uko bega la ndani, na bega hilohilo ndilo linasuguliwa.

Too hubadilika kwa sababu tairodi (fimbo inayotoka steringi boksi kugeuza tairi) na mkono wa chini (chuma kinacholishika tairi kwenye bodi) havina urefu mmoja wala havianzii sehemu moja. Gari likishuka, kila kimoja kinafuata tao lake, na tofauti yao inasukuma au kuvuta pua ya tairi. Gari moja pua zitatoka nje, jingine zitaingia ndani, kutegemea steringi boksi imekaa mbele au nyuma ya ekseli. Kwa hiyo usikisie, pima.

Kabla ya kushusha

Inua gari, shika tairi kushoto na kulia, tikisa. Likicheza, angalia tairodi endi. Shika juu na chini, tikisa tena: hapo ni boljointi (kifundo cha mkono na tairi) au bearingi. Angalia pia bushi za mikono (raba za kwenye maungio yake) kama zimechanika. Alaimenti (kuweka matairi kwenye vipimo vyake) juu ya bushi iliyokufa haidumu hata wiki, kwa sababu vipimo vinahama kila unapokanyaga breki.

Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, uandike. Usipime kutoka chini, maana upepo wa tairi utakudanganya.

Springi nunua zilizotengenezwa fupi. Usikate za zamani, na usizichome kwa gesi zilegee. Springi ya fabrika imekunjwa mwishoni ili ikae kwenye kikalio chake; iliyokatwa haikai, na tuta kali linaweza kuitoa mahali pake. Iliyochomwa imepoteza ugumu wake, itaendelea kushuka yenyewe, na vipimo ulivyolipia vitashuka nayo. Kwa barabara zetu za mitaani, zenye tuta kila baada ya nyumba chache, sentimita 3 zinatosha. Zaidi ya hapo shokapu inagonga mwisho wake mara kwa mara na inakufa mapema.

Kukaza bolti za bushi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Fundi akimaliza kufunga springi, gari bado liko juu ya jeki na mikono inaning'inia, anakaza bolti zote za bushi hapohapo. Raba ya bushi hushikwa ikiwa katika pembe ya kuning'inia. Gari likiteremshwa, raba inabaki imesokotwa muda wote. Gari litakaa juu kidogo kuliko lilivyotakiwa, kisha raba itachanika na alaimenti itahama.

Njia sahihi ni hii: bolti za mikono zifungwe kwa kugusa tu. Weka jeki chini ya mkono, karibu na boljointi, inua taratibu mpaka kipimo cha katikati ya rimu hadi madigadi kilingane na urefu gari litakaokaa likiwa chini, yaani kile ulichoandika ukitoa sentimita za kushusha. Hapo ndipo ukaze, kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu cha gari hilo.

Kupima too kwa mshipi

Springi mpya hukaa sawa baada ya kilomita 150 hivi, na alaimenti ya mashine ifanyike baada ya hapo. Lakini usiendeshe kilomita hizo ukiwa umeacha too ovyo. Irekebishe nyumbani kwa mshipi wa kuvulia, stendi nne na rula ya chuma.

Tafuta sakafu iliyo sawa. Jaza upepo unaotakiwa, nyoosha usukani, ufunge usicheze. Chini ya kila tairi la mbele weka vigae viwili vyenye grisi katikati, ili tairi ligeuke bila kung'ang'ania. Vuta mshipi kila upande wa gari, usawa wa katikati ya rimu. Umbali wa mshipi hadi katikati ya rimu ya mbele uwe sawa kushoto na kulia. Ya nyuma vilevile. Mbele na nyuma si lazima vilingane, kwa kuwa upana wa ekseli hutofautiana.

Sasa pima kutoka mshipi hadi ukingo wa rimu, sehemu ya mbele kisha ya nyuma ya rimu hiyohiyo. Kipimo cha mbele kikizidi, pua imeingia ndani. Kikipungua, imetoka nje. Kwa gari la kawaida la kutembelea, lenga sifuri hadi milimita 1 ya kuingia ndani kwa jumla ya matairi mawili, kama kitabu cha gari hakisemi vingine.

Legeza nati ya tairodi, na klipu ya buti ya raba pia, la sivyo buti itajisokota na kuchanika. Zungusha tairodi robo mzunguko, kushoto na kulia kwa kiasi kilekile ili usukani ubaki katikati. Robo mzunguko huleta karibu milimita 1 kwa tairi. Sukuma gari mbele na nyuma kidogo, rudi kupima. Kwa wakazi wa karibu na bahari, Kigamboni au Kunduchi, nati hizo mara nyingi zimeshikwa na kutu. Zipulizie mafuta ya kulegeza usiku wa kuamkia kazi.

Kwenye mashine

Fundi aanze na nyuma, ndipo aje mbele. Na kemba irekebishwe kabla ya too, kwa sababu kemba ikiguswa, too inahama. Toyota Vitz na IST zinazosukumwa na magurudumu ya mbele zina ekseli ya nyuma isiyo na marekebisho. Kikihitajika kipimo, huwekwa vipande vyembamba vya chuma nyuma ya habu (kitovu kinachoshika rimu). Crown na Mark X zina mikono ya nyuma inayorekebishika, na ukiishusha sana utahitaji mikono ya kurefushwa.

Kwa shokapu ya mbele iliyofungwa kwa bolti mbili kwenye nako (chuma kinachobeba habu), bolti ya kemba yenye tumbo la kuzunguka inarudisha digrii moja hivi. Ni nyembamba kuliko ya asili na huteleza ikiingia shimo kubwa, hivyo chora mstari wa rangi kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye chuma kilicho jirani. Mstari ukikatika, rudi kwenye mashine. Kemba ya mbele ikibaki ndani ya digrii moja na nusu, na pande zote mbili zilingane, matairi yatavumilia.

Usiridhike na rangi ya kijani kwenye skrini. Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada, usome namba za kila tairi. Gari lenye mfumo wa kuzuia kuteleza likiwasha taa baada ya kazi, sensa ya usukani inahitaji kuwekwa sifuri upya. Taa kubwa nazo zirekebishwe mwanga, hasa kama mbele na nyuma hazikushuka sawa.

Baada ya kilomita 1,000 pitisha kiganja juu ya tairi, toka nje kwenda ndani kisha urudi. Laini upande mmoja na makali kama msumeno upande mwingine: too bado mbaya. Mabonde mabonde kuzunguka tairi: shokapu. Mabega yote mawili yamelika: upepo mdogo. Pima kina cha kashata ndani, katikati na nje. Tofauti ya ndani na nje ikifika milimita 1 mapema hivyo, usisubiri. Badilishana matairi ya mbele na ya nyuma kila kilomita 5,000, na tairi lililofika milimita 1.6 mahali popote, hata kama nje bado zuri, litoe.