Zimwi, punda na sabufa: namna ya kuwatafsiria watoto katuni ya ngano

Uani kwetu Mabatini kuna jiwe. Mtu wa Mwanza hatashangaa, huku mlimani kila nyumba ina lake. Letu upande mmoja limesimama wima kama ukuta, na mume wangu alilipaka chokaa mikono miwili tulipochoka na shuka lililokuwa likipepea kila upepo wa ziwani ukivuma. Jumamosi saa moja na nusu usiku watoto wa nyumba tisa wanatandika mikeka mbele yake, nawasha projekta, nashika maiki, natafsiri. Siku nyingine utanikuta Mwaloni, Kirumba, nauza dagaa.

Kutafsiri nilijifunzia kwenye kibanda umiza, kile cha kulipia kutazama filamu. Mwenye kibanda alitaka nisinyamaze hata kidogo, nisemee juu ya kila kitu, nyimbo zikiwemo, kwa sababu mteja amelipia sauti yangu. Nilitii miaka miwili. Siku moja wimbo ulipoanza nikaona watoto wa mstari wa mbele wameziba masikio, na waliyekuwa wanamzibia ni mimi. Haya ninayoandika nimeyapata tangu usiku ule. Yanahusu katuni za ngano tu, zile za binti mfalme, joka na mnyama anayesema, zenye muziki wa redioni na utani ndani yake. Filamu za ngumi tafuta mwalimu mwingine.

Itazame peke yako kwanza

Kaa na daftari, usiku, watoto wamelala. Andika dakika ya kila wimbo. Andika kila mahali ulipocheka, na ukimaliza urudi ujiulize ulicheka kwa sababu gani. Katuni hizi zimeandikwa kwa tabaka mbili: kuna kichekesho cha mtoto na kuna cha mzazi aliyemleta, na mara nyingi viko ndani ya sentensi moja. Katika Shrek ya 2001, zimwi Shrek na punda wanafika kwenye ngome ndefu mno ya Lord Farquaad, bwana mfupi mno, na Shrek anauliza kama yule bwana hafidii kitu fulani. Mtu mzima ameshaelewa. Acha hilo lipite kwa Kiswahili chepesi, usilifafanue, wala usipunguze sauti kwa ghafla, maana ukipunguza watoto watauliza. Wadogo watacheka ufupi wa bwana yule, wakubwa watacheka wanachokijua, na kicheko kitatoka pamoja.

Simulia ngano iliyonyooka kabla ya iliyopinduliwa

Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo inayofanya watoto wakodoe macho bila kucheka. Utani wa katuni hizi ni wa kupindua hadithi ambayo mtazamaji wa Marekani au Uingereza ameisikia tangu akiwa kitandani. Mbwa mwitu amevaa nguo za bibi, vibete saba wamembeba binti kwenye jeneza la kioo, kikaragosi wa mbao anarefuka pua. Mtoto wa Mabatini ambaye hajawahi kuzisikia anaona mbwa mwitu kavaa gauni, basi. Kwa hiyo wakati wa chakula cha jioni simulia mbili tatu, kila moja dakika tano, kwa paukwa na pakawa kama kawaida. Binti aliyefungwa mnarani na joka likilinda ni ya lazima, maana Shrek yote imesimama juu yake.

Kwetu kulikuwa na ugumu mwingine. Mama yangu ni Msukuma wa Magu, na zimwi analolijua yeye ni Shing'weng'we, lililomeza watu na ng'ombe wote akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha, naye akamzaa Masala Kulangwa, aliyekuja kuliua na kuwatoa wote tumboni. Mara ya kwanza kuona Shrek alikaa kimya robo saa, kisha akasema kwa sauti, "Zimwi gani hili halili watu?" Watoto wakanigeukia. Sikuwa na jibu, nikasimamisha filamu nikamwomba awasimulie la kwake. Akasimulia Masala Kulangwa mpaka mwisho, gizani, tukaendelea. Punda alipoanza kumfuata Shrek bila woga, mama akajibu swali lake mwenyewe: "Aa. Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Uani mzima ulicheka. Tangu siku hiyo Shrek haionyeshwi kwetu bila Shing'weng'we kutangulia. Kama ngano ile huijui na una Jumapili ya bure, nenda Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, ukaulize.

Kichekesho hakitafsiriwi neno kwa neno

Jiulize nani anamtania nani, na kwa kitu gani ambacho wote wawili wanakijua. Ukishapata hapo, tafuta kitu hicho uani kwako.

Shrek anamwambia punda kwamba mazimwi ni kama vitunguu. Punda anauliza: yananuka? yanaliza watu? Shrek anasema hapana, yana matabaka. Hadi hapo Kiswahili kinakwenda chenyewe, kila mtoto wa kwetu ameshatumwa kumenya kitunguu. Halafu punda anasema si kila mtu anapenda vitunguu, heri keki, nayo ina matabaka, kisha anataja kitamutamu cha Kifaransa kinachopangwa kwenye glasi. Hicho kitamutamu kilinisumbua wiki nzima. Nilijaribu kukieleza, nikaona nimeua mchezo. Jibu nililipata asubuhi nikisukuma chapati: ukiisukuma vizuri ukaikunja kwa mafuta, chapati ina matabaka kuliko keki yoyote. Punda wangu sasa anasema, "Umewahi kumwambia mtu, twende tukale chapati, akakwambia hapana, sipendi chapati?" Watoto wanajibu "Hapanaaa!" kabla sijamaliza, na macho yao yanakwenda jikoni.

Pengine kichekesho ni wimbo wa watoto. Yule mtu wa biskuti ya tangawizi anapohojiwa, yeye na Lord Farquaad wanajikuta wanarudishiana maneno ya wimbo wa watoto wa Kiingereza, mmoja anauliza, mwingine anakariri, sura zimekaza kama wako mahakamani. Maneno yenyewe hayana maana yoyote kwetu. Kinachochekesha ni watu wazima wawili kugombana kwa wimbo wa chekechea. Basi mmoja nampa "Ukuti ukuti?" na mwingine "Wa mnazi, wa mnazi!" kwa sauti ya vitisho. Ukitumia hiyo, nyamaza baada ya mara ya kwanza. Mikeka itamalizia.

Kuhusu mwendo: Eddie Murphy alimpa punda yule maneno mengi yasiyo na pumzi katikati, na Kiswahili kina silabi nyingi kuliko Kiingereza. Ukimfukuza hutampata. Chagua sentensi moja katika kila tatu. Neno linalochekesha liweke mwisho kabisa, na mwisho huo ukutane na sura ya mnyama kwenye jiwe. Ukichelewa nusu sekunde, kicheko kimekufa.

Na lafudhi. Miaka ya mwanzo zimwi nililipa lafudhi nzito ya Kisukuma, kama wanavyofanya wachekeshaji wengi kwenye runinga, na watoto walicheka sana. Mama hakucheka. Aliacha kutafuna, akanitazama, akaendelea kutazama jiwe. Yeye anaongea hivyo kila siku. Sauti ya mjinga au ya kutisha isipewe kabila la mtu, hata kabila lako. Utani wa watani ni wa watu wanaojibizana, na mtu aliyekaa mkekani hana maiki. Mpe punda haraka, mpe zimwi uzito, mpe bwana mfupi sauti ya kondakta anayedai nauli. Sauti za kazi na tabia zinatosha.

Nyimbo: ipi uisemee, ipi uiache

Hapa ndipo nilipokosea zaidi kibandani, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nyimbo za katuni hizi ni za aina mbili. Aina ya kwanza imetungwa kwa ajili ya filamu, na ndani yake hadithi inatembea. Mhusika anaingia kwenye wimbo akitaka kitu na anatoka akiwa mtu mwingine. Frozen ya 2013 ndiyo mfano mkubwa. Elsa, malkia ambaye mikono yake inagandisha vitu, alikuwa amepangwa kuwa mtu mbaya. Kristen Anderson-Lopez na Robert Lopez walipotunga "Let It Go", watengenezaji waliusikia wakaona anayeimba vile hawezi kuwa adui, wakaiandika upya hadithi. Sasa wimbo uliogeuza filamu nzima, wewe unausemea juu?

Dawa yake ni hii. Wimbo wa aina hiyo ukikaribia, sema sentensi moja kabla haujaanza: "Amechoka kuficha mikono yake, sasa anaondoka." Kisha maiki chini. Katikati ya beti, kama kuna pumzi, ongeza mstari mmoja, usizidi huo.

Aina ya pili ni wimbo wa kuazima, uliokuwa ukipigwa redioni kabla filamu haijatoka. Shrek inaanza na kitabu cha ngano kinachosomwa kwa unyenyekevu, zimwi linachana ukurasa linakwenda nao chooni, mlango unafunguliwa kwa teke, na hapo hapo unaingia "All Star" wa Smash Mouth, wimbo wa 1999. Maneno yake hayasukumi hadithi mbele hata hatua moja. Kazi yake ni kukwambia kwamba ile ngano ya kasri uliyoijua imeshapata matumizi mengine. Ukitafsiri maneno utampotosha mtoto, atatafuta uhusiano usiokuwepo. Usiseme kitu. Ongeza sabufa.

Wimbo wa kuazima una siri nyingine. Mwishoni mwa Shrek wanaimba "I'm a Believer", ambao Neil Diamond aliutunga na The Monkees wakautia masikioni mwa watu mwaka 1966. Ulikuwa na miaka 35 filamu ilipotoka. Maana yake ukumbini kwao bibi aliujua wimbo kabla ya mjukuu, na kwa dakika zile bibi ndiye mwenyeji. Sisi wimbo huo hautufanyii kazi hiyo, kwa hiyo naifanya mimi: majina yakianza kupanda jiweni, nazima sauti ya filamu napiga muziki wa zamani wa Mbaraka Mwinshehe, na mama anainuka. Baada yake ndipo naweka Bongo Fleva ya watoto. Sikiliza maneno ya Bongo Fleva mpaka sekunde ya mwisho kabla ya kuiweka, mdundo wa kitoto si ahadi ya maneno ya kitoto.

Kitu cha mwisho kwenye nyimbo, na kwangu ndicho kikubwa kuliko vyote: wape kiitikio. Ngano za mama zilikuwa na wimbo ndani. Alifika mahali pa hatari akaacha kusimulia, akaimba mstari, tukaitika, na asiyeitika hakuambiwa kilichofuata. Katuni ya ngano ina wimbo mahali pale pale, ila mtoto asiyejua Kiingereza anaachwa mlangoni. Chagua maneno mawili matatu yanayokaa kwenye mdundo, uyafundishe kabla filamu haijaanza. Kwa Elsa mimi naita "Acha yaende!" na wao "Yaende!" Haihitaji kuwa tafsiri sahihi ya wimbo wote. Inahitaji kutamkika na mtoto wa miaka minne mwenye mdomo uliojaa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa.

Kwenye The Lion King ya 1994 utapumzika kidogo, maana pale tuna neema. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, na Pumbaa mtoto anajua amepumbaa kabla hujafungua mdomo. Rafiki anapomwimbia Simba ule wimbo wa kumkejeli, watoto wa kwingine wanacheka mlio tu. Wa kwetu wanasikia matusi yenyewe. Nyamaza kabisa.

Vitu vya kushika mkononi

Usiku wa giza wadudu wa ziwani wanafuata mwanga wa projekta kama moshi. Washa taa nyingine mbali, nyuma ya nyumba, dakika ishirini kabla, na lenzi uifute kwa kitambaa kikavu. Sabufa usiielekeze kwenye jiwe, sauti inarudi na kugongana, ielekeze kwa watu. Wadogo mbele, bibi kwenye kiti chenye mgongo, pembeni, ambako anaweza kukusahihisha bila kupiga kelele. Angalia luku mchana, umeme wa kulipia kabla usije ukaisha usiku.

Umeme ukikatika katikati, usiwaambie watoto wasubiri. Uliitazama peke yako na daftari unalo, basi endelea kusimulia kwa mdomo kuanzia pale picha ilipozimika, na ukifika penye wimbo ita kiitikio. Mara mbili umeme umerudi kwetu tukiwa tumeshamaliza filamu, na hakuna aliyeomba irudishwe nyuma.

Jumapili asubuhi watoto wakienda kuchota maji, toka nje usikilize wanaimba nini. Kama ni kiitikio chako, kiandike daftarini, Jumamosi ijayo anza nacho. Kama ni kingine walichotunga wenyewe usiku, anza na hicho chao.