Kuhamishia mishahara kwenye mfumo wa mtandaoni bila kumpunja mtu

Kazi yangu ni mishahara, kwa hiyo naanzia hapo: usizime mfumo wa zamani mwezi uleule unaowasha mpya. Iendeshe yote miwili sambamba kwa angalau vipindi viwili vya malipo, na ulinganishe mfanyakazi kwa mfanyakazi. Jumla kuu inaweza kulingana kabisa huku mmoja amezidishiwa na mwenzake amepunjwa, na aliyepunjwa ana kodi ya nyumba ya kulipa.

Kabla ya hapo, safisha data. Tarehe ndizo hatari zaidi: 03/04 mfumo mmoja huisoma 3 Aprili, mwingine 4 Machi, na siku za likizo huhesabiwa kuanzia tarehe ya ajira. Namba za akaunti zinazoanza na sifuri nazo ziangalie. Programu ya majedwali huimeza sifuri hiyo kimyakimya. Ipange safu ya namba hizo isomwe kama maandishi, si kama tarakimu, kabla hujaingiza chochote.

Ruhusa zifuate kazi anayofanya mtu, si cheo chake. Meneja anaidhinisha likizo. Mishahara ya idara nyingine haimhusu.

Na kabla ya kusaini mkataba, muulize mtoa huduma: tukiondoka, data yetu tutapewa kwa muundo gani, na nakala zenu mtazifuta lini?