Namna ya Kumsaidia Muumini Anayewaza Kujiua

Ndugu wa kanisani akikuambia kwamba amechoka kuishi, mketishe mahali patulivu, kisha umuulize waziwazi kama anawaza kujiua, kwa kuwa swali hilo halimpandikizii wazo bali humpa nafasi ya kutua mzigo. Msikilize bila kumkatiza. Usimwambie kwamba imani yake ni haba: Eliya, nabii wa Mungu, aliketi chini ya mretemu akaomba afe, na Mungu hakumkemea, bali alimtuma malaika aliyempa mkate na maji, kisha akamwacha alale tena. Nawe anzia hapo. Mpikie uji, mwache apumzike, ndipo muombe pamoja, kwa sala fupi anayoiweza.

Iwapo amekwisha kupanga, asiachwe peke yake hata kidogo, na vitu anavyoweza kujidhuru navyo, dawa za shambani zikiwemo, viondolewe nyumbani. Mpeleke siku hiyohiyo katika kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya magonjwa ya akili ya Butabika ikiwa mpo Kampala, na uingie naye hadi kwa daktari. Wapo wanaodai kwamba kutumia dawa za hospitali ni kukosa imani. Dai hilo huumiza watu, na wachungaji wanapaswa kulikanusha madhabahuni. Akirejea nyumbani, endelea kumtembelea, hata majuma ambayo anaonekana mzima.