Kuziba paa la motohomu ya zamani linalovuja, hatua kwa hatua

Motohomu ya zamani, yaani gari lenye makazi ndani yake, ni nadra kuuawa na injini. Injini ikiugua utaisikia, na fundi wa gari la kawaida anaweza kuishughulikia. Kinachoimaliza ni maji. Yanapenya tone kwa tone kwenye viungio vya paa, yanajikusanya kati ya ganda la nje na plaiwudi ya ndani, na siku doa linapojitokeza darini, mbao za fremu huwa zimeshalainika. Kwa hiyo anza na paa. Rangi, mapazia na sola vitasubiri.

Maelezo haya yanahusu magari yenye fremu ya mbao iliyovikwa alumini, faibaglasi au mpira.

Vifaa

Kipima unyevu chenye sindano mbili, bisibisi, kwangulio la plastiki, spiriti ya kusafishia, tepu ya karatasi, utepe wa butili (mpira laini unaonata) wenye upana wa milimita 25 na unene wa milimita 3, skrubu za chuma kisichoshika kutu, na ubao mpana wa kukanyagia juu ya paa. Silanti, yaani dawa ya kuzibia mianya, nunua za aina mbili: ile inayojisawazisha yenyewe kwa sehemu zilizolala, na ile nzito isiyotiririka kwa sehemu zilizosimama. Ukikosea sehemu, ile nyepesi itashuka ukutani kama uji kabla haijakauka. Kuhusu kiasi, ukanda wa upana wa sentimita 3 na unene wa milimita 3 unakula tyubu ya mililita 300 kwa kila mita 3 hivi. Dirisha moja la paa lenye upande wa sentimita 40 linataka zaidi ya nusu tyubu.

Hatua ya 1: Chora ramani ya unyevu

Pima dari na kuta kila baada ya sentimita 30, ukianzia kwenye kona, kuzunguka madirisha na ndani ya makabati ya juu. Andika kila namba kwenye kipande cha tepu ya karatasi na ukibandike palepale ulipopima. Pima pia ubao wa katikati ya gari usiogusana na nje, upate kipimo cha kulinganishia. Chini ya asilimia 15 hakuna shida. Ikizidi 20, kuvu wanaoozesha mbao wanaweza kuendelea na kazi yao. Namba ikiruka ghafla mahali pamoja tu, hakikisha sindano hazijagusa msumari au karatasi ya alumini iliyo nyuma ya ubao.

Doa halikuonyeshi tundu lilipo. Maji yakishaingia hufuata boriti, waya au mteremko wa gari lilivyoegeshwa, na yanaweza kudondokea mita 2 mbali. Anayepaka silanti juu ya doa moja kwa moja huwa anaziba mahali pasipovuja.

Hatua ya 2: Tafuta tundu kwa hewa na sabuni

Zima jiko, hita na friji ya gesi, kisha funga mitungi. Ziba matundu ya hewa kwa tepu. Kwenye dirisha moja weka kadibodi yenye tundu, upachike hapo mashine ya kupuliza majani ikipuliza kuelekea ndani. Acha dirisha jingine wazi kidogo. Shabaha ni msukumo mdogo tu, si kuivimbisha dari. Sasa panda juu na chupa ya kunyunyizia maji ya sabuni. Kila penye mwanya patatoa mapovu. Paweke alama ya chaki. Usiishie kwenye viungio vya paa: pulizia pia mabati ya kona, taa ndogo za juu, miguu ya ngazi na mahali waya wa sola unapoingilia. Taa hizo ndogo husahaulika sana, na gasketi zake hukauka mapema.

Huna mashine? Tumia mpira wa maji wenye msukumo mdogo, mtu mmoja akiwa ndani na tochi. Anzia chini, kisha panda juu taratibu, dakika 10 kila sehemu. Ukianzia juu, maji yatashuka kote na hutajua yameingilia wapi. Mashine ya kuoshea ya presha kali iache kabisa, kwani inasukuma maji hata mahali palipozibwa vizuri.

Hatua ya 3: Ng'oa, usipake juu ya uchakavu

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Silanti mpya juu ya ile iliyopasuka hudumu muda mfupi, halafu hunasa maji chini yake. Fungua skrubu, inua dirisha au bati zima, kisha kwangua mpaka uone paa lenyewe. Ukikuta silikoni iliyopakwa na mwenye gari wa zamani, jiandae kwa kazi ya kuchosha: isipotoka yote hakuna kitakachoshika juu yake, hata silikoni nyingine. Malizia kwa kitambaa chenye spiriti. Paa la mpira lisiguswe na petroli wala thina, litavimba.

Hatua ya 4: Kagua mbao kabla ya kufunga

Choma kingo za tundu kwa bisibisi. Mbao nzima hukataa. Iliyooza inaipokea ncha bila ubishi. Kata mpaka kwenye mbao ngumu, kisha ongeza sentimita 10 zaidi. Puliza feni mpaka kipimo kishuke chini ya 15. Hilo linaweza kuchukua wiki kadhaa, na hakuna njia ya mkato, kwa kuwa ukifunga unyevu ndani, kuoza kutaendelea gizani. Boriti iliyokatika iunge kwa kipande kipya kilicholala sambamba nayo, kikipita kwenye mbao nzima sentimita 20 kila upande, kwa gundi isiyopitisha maji na skrubu. Sehemu ndogo iliyolainika inatosha kunyweshwa epoksi (gundi ya maji inayokauka ikawa ngumu), mradi imekauka kwanza.

Hatua ya 5: Rudisha na uzibe

Bandika butili kwenye ukingo wa kifaa, usiinyooshe, na ncha zake zipishane kidogo upande wa chini wa mteremko. Kaza skrubu kwa kupokezana pande zinazotazamana, kama nati za gurudumu, mpaka butili itokeze kidogo pande zote, halafu acha. Kesho yake rudia, kwa sababu butili hutulia na skrubu hulegea. Kata ziada kwa kwangulio, kisha funika ukingo na vichwa vyote vya skrubu kwa silanti. Tundu la skrubu lililopanuka lijaze epoksi na kijiti cha mbao, likauke, utoboe upya. Fanya kazi hii paa likiwa kavu na halijachomwa na jua.

Kiyoyozi cha paani kina utaratibu wake. Hukaa juu ya gasketi ya sponji inayobanwa kwa boliti kutoka ndani. Kaza sawasawa mpaka sponji ibaki nusu ya unene wake. Ukizidisha, itakufa na paa litabonyea. Usipake silanti kuzunguka sehemu yake ya chini: maji ya mvuke yanahitaji pa kutokea, yakizuiwa yatageukia ndani.

Hatua ya 6: Pima tena

Acha vile vipande vya tepu mahali pake. Baada ya wiki 2, na tena baada ya mvua kubwa, pima palepale na uandike namba mpya chini ya ile ya zamani. Namba zikipanda baada ya mvua tu, bado kuna tundu nje. Zikipanda bila mvua, liache paa na ugeukie mabomba: washa pampu ya maji, funga koki zote, usikilize. Pampu ikijiwasha yenyewe kila baada ya muda bila mtu kufungua maji, ama valvu yake inarudisha maji tangini, ama kuna kiungio kinachovuja. Anza kukitafuta chini ya sinki na nyuma ya hita ya maji.