Mahindi Hayakuota? Fukua Kabla Hujamlaumu Mtu

Kila Desemba, kuanzia Mbozi hadi Mufindi, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, husikika maneno yaleyale: mbegu feki, vibarua wazembe. Wengine humtazama jirani kwa jicho la uchawi. Chukua jembe kwanza.

Subiri siku 14 tangu kupanda. Udongo wa Njombe na Makete ni baridi, mahindi huchelewa. Kisha hesabu mashimo 20 katika sehemu tano za shamba, jumla 100. Yakiwa yameota 90, huna kesi na mtu.

Yakipungua, angalia mapengo yamekaaje. Yakiwa ukingoni karibu na pori, ni panya au ndege. Yakiwa kwenye mistari ya kibarua mmoja, huenda alifukia chini mno. Lakini ulimpa kipimo? Ulikagua mstari wake wa kwanza? Kama ulimwachia mbegu ukaenda zako sokoni Mwanjelwa, usimkate ujira.

Mapengo yakienea shamba zima, fukua mashimo 10 yasiyoota. Mbegu iliyobabuka huku imegusana na DAP, mbolea ya kupandia, imeunguzwa na mbolea hiyo. Kisoda kimoja cha mbolea hukaa chini ya shimo, kinafunikwa kwa udongo wa sentimita 5, ndipo mbegu iwekwe na kufukiwa sentimita 5 nyingine. Wenye haraka huruka ule udongo wa katikati, halafu wanakwenda kugomba dukani. Chipukizi lililojikunja chini limeshindwa kupenya: ama kina kilizidi, ama udongo uligandamana juu. Mbegu ngumu kama ilivyotoka kwenye pakiti haikupata unyevu. Ulipanda kwa mvua moja.

Ikiwa imevimba, laini, haina mzizi, hapo ishuku mbegu. Funga punje 50 zilizobaki kwenye kitambaa kibichi, zihesabu baada ya siku 7. Zikiota 45, mbegu ni nzima. Zikiota chache, jiulize zilihifadhiwa wapi kwako: mahali penye joto na unyevu, huweza kufa.

Ukijiridhisha, nenda dukani uliponunua na pakiti yenye lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu), risiti na kile kitambaa. Usianzie na "umeniibia" mbele ya wateja. Sema: "Dada, katika punje 50 zimeota 12. Naomba tuangalie pamoja."

Mapengo yarudishie mapema, ndani ya wiki moja tangu mengine yatokeze. Ukichelewa, mahindi ya kurudishia yatafunikwa na kivuli cha wenzao na kuzaa magunzi matupu.